Redio Isinyamaze

Miaka ile ya soko huria kila kitu kilikuwa kinafunguliwa. Biashara ya pamba ilifunguliwa, wakaja wanunuzi binafsi na mizani zao. Mitumba ilifunguliwa, tukaanza kuvaa makoti ya watu wa nchi za baridi kwenye jua la Bariadi. Vyama vya siasa vilifunguliwa. Baba yangu, aliyekuwa karani wa ushirika kule Migato tangu sijazaliwa, naye alifunguliwa, yaani aliambiwa kazi imekwisha, akarudi nyumbani na baiskeli yake, kalamu mbili za wino na mazoea ya kujumlisha kila anachokiona. Mwisho ikafika zamu ya redio. Tulikuwa tumezoea redio moja, ya taifa. Sasa tukaambiwa yeyote mwenye mtambo na kibali anaweza kusema, na halmashauri yetu ya mji ikaona kwamba na yenyewe ina la kusema.

Mtambo tulipewa. Kulikuwa na mji mmoja wa Ulaya uliofanya urafiki na mji wetu, urafiki ambao sisi wa masjala tuliujua kwa barua tu, na siku moja wageni wakaja na mnara wa vipande vipande, meza yenye vitufe vingi, deki ya CD, kipaza sauti kimoja na masanduku mawili ya mbao yaliyopigiliwa misumari. Masanduku hayo hayakufunguliwa. Yaliwekwa pembeni, na kwa muda mrefu yalitumika kama viti.

Mimi nilikuwa mpiga chapa wa masjala. Mkurugenzi aliniita ofisini, akaniambia nisome kwa sauti barua iliyokuwa mezani kwake, ya kuomba matairi ya greda. Nilisoma mpaka mwisho. Akasema, "Una sauti isiyo na upande. Kuanzia Jumatatu wewe ni mtangazaji." Nikamuuliza nani atapiga chapa. Akasema, "Wewe."

Studio ilikuwa stoo ya zamani ya mizani. Fundi wetu, mtu wa Ujiji aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza redio karibu na msikiti, alipigilia magunia ya pamba kwenye kuta na madirisha ili sauti isirudi. Magunia yalikuwa bado na nyuzi, nikawa napiga chafya hewani, na watu waliokutana nami sokoni walinipa pole. Fundi alikuwa mtu mpole aliyezungumzia vyombo vyake kama wagonjwa waliolazwa. "Deki imeamka vizuri leo, dada," alikuwa akisema. Au, "Kipaza sauti kina homa, ongea nacho taratibu."

Wiki za mwanzo tulipiga ngoma za kwetu. Usukumani kuna vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinavyoshindana tangu enzi za mababu, na kila familia inajua iko upande gani. Siku ya pili wazee wa Bagika walifika na saa ya mkononi. Walikuwa wamepima: Bagalu walipewa dakika nne zaidi. Tukahamia kwaya. Kanisa moja likataka kujua kwa nini kwaya ya kanisa lingine inaanza saa moja asubuhi, wakati watu wako macho, na yao inaanza saa nane mchana. Wenye maduka karibu na msikiti wakauliza kama redio ya mji ni ya Wakristo peke yao. Tukahamia dansi. Kampeni za uchaguzi zilikuwa zimeanza, na nikapiga wimbo wa mapenzi ambao mwanamke anamwambia mumewe afungashe vyake aondoke. Diwani mmoja aliyekuwa amekaa madarakani muda mrefu alifika studio kwa miguu, akiwa na jasho.

"Nani amekutuma?" akaniuliza.

"Ni wimbo tu, mheshimiwa."

"Najua ni wimbo. Nauliza nani aondoke."

Jambo likapelekwa kwenye kikao cha madiwani. Nilikuwepo, kwa kuwa mwandishi wa muhtasari pia nilikuwa mimi. Walibishana tangu asubuhi mpaka chai ikaja mara mbili. Diwani wa Ngulyati alitaka redio ifungwe. Diwani pekee wa upinzani, mwalimu mstaafu mwenye sauti nzuri ambaye kila alichokipinga alikipinga kwa kusimama, alitaka ifunguliwe zaidi. Mwishoni Mwenyekiti wa halmashauri, mtu mnene mwenye subira, aliyefanya kazi yake kana kwamba anasubiri mvua, akasema, "Mimi naona tatizo si muziki. Tatizo ni maneno."

Wakakubaliana wote. Ni mara pekee niliyoandika kwenye muhtasari kwamba wajumbe walikubaliana wote. Redio ya halmashauri itapiga muziki usio na maneno, na mtangazaji hatasema chochote isipokuwa saa, jina la muziki na matangazo ya vifo. Ndipo mtu akakumbuka masanduku. Mhudumu akaleta nyundo. Ndani kulikuwa na CD za muziki wa Kizungu wa zamani, ule wa fidla nyingi na mtu mmoja anayewapungia fimbo, na zote, isipokuwa chache zilizokuwa na akina mama wakipiga kelele kama wamepata habari mbaya, hazikuwa na neno hata moja.

Basi hivyo ndivyo mji wetu, ulio katikati ya mashamba ya pamba na mbuga za ng'ombe, ulivyopata redio ya muziki ambao nasikia huko ulikotoka wasikilizaji wake huvaa suti.

Shida yangu ya kwanza ilikuwa majina. Yaliandikwa kwa lugha tatu, na sikuijua hata moja. Padri mzee wa Kiitaliano aliyekuwa akipita mjini kwa pikipiki aliniandikia tafsiri kwenye daftari. Akanieleza kwamba maneno yale mengi si majina, ni maagizo kwa wapigaji kuhusu mwendo. Mimi sikuona tofauti. Kuanzia siku hiyo nilisoma hewani alivyoniandikia. "Saa mbili na robo. Tunasikiliza: Haraka, lakini si kupita kiasi." Au, "Saa nne kamili. Tunasikiliza: Mwendo wa mtu anayetembea." Watu waliyapenda majina hayo kuliko muziki wenyewe. Waendesha baiskeli za abiria stendi walianza kuwauliza wateja wao wanataka mwendo gani. Mama aliyeuza samaki wa Lamadi pale sokoni alimwambia mteja mbele yangu, "Nipunguzie kelele, kaka. Kwa nguvu, lakini kwa upendo." Mkurugenzi aliniita mara moja tu kuhusu jambo hilo, nilipotangaza muziki uitwao Kwa Moto siku ambayo vyama viwili vilikuwa na mikutano uwanja mmoja. Akaniomba wiki ile nibaki kwenye polepole.

Baba aliisikia redio yetu Migato, ikikwaruza, kwenye redio yake ya betri nne. Nilipokwenda kuwasalimia, alinikalisha kwenye kigoda, akaniangalia kwa muda.

"Kwa hiyo wanakulipa kwa kutaja saa," akasema.

"Na jina la muziki, baba."

"Na saa unaitoa wapi?"

"Kwenye redio ya taifa."

Alijumlisha hilo kichwani, nikamwona akifika kwenye jibu, lakini hakunitajia.

Kipindi kilichotupatia heshima kilikuwa matangazo ya vifo. Kilianza saa tatu asubuhi. Mtu alikuwa anakuja na karatasi iliyoandikwa kwa penseli, ndugu wa Itilima wajulishwe, watoto walioko Lingeka wajulishwe, mazishi kesho, na mimi nilisoma taratibu, bila kukosea jina hata moja. Kabla na baada nilipiga CD ileile kila siku. Tafsiri ya padri ilikuwa Polepole na kwa Heshima. Ulikuwa muziki wa zeze moja kubwa, lile ambalo mpigaji hulishika katikati ya magoti, na nyuma yake mazeze mengine yakilifuata kama watu wanaosindikiza jeneza. Baada ya miezi michache hakuna aliyehitaji kusikia sauti yangu. Zeze lile likianza, mwanamke anayepepeta mchele aliacha ungo, wanaume wakavua kofia, na watu wakakaa kimya wakisubiri kusikia marehemu ni wa wapi.

Sasa nieleze siku yenyewe.

Usiku wa kuamkia siku hiyo kipaza sauti kilikufa. Fundi alikichunguza, akasema huyu ni wa rufaa, akakifunga kwenye kitambaa na kupanda basi la kwanza kwenda Mwanza. Maagizo yake kwangu yalikuwa mafupi: "Weka CD, acha iende. Ikiisha weka nyingine. Usiguse kingine chochote, dada." Nikafanya hivyo. Saa moja nikaweka Kwa Uchangamfu. Saa mbili nikaweka Haraka, lakini si Kupita Kiasi. Ilipofika saa tatu mkono wangu, kwa mazoea yake, ukaweka ile ya vifo. Zeze likaanza. Nikachukua karatasi za matangazo, nikafungua mdomo, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba sina kipaza sauti.

Nikabonyeza droo ya deki itoke. Haikutoka. Nikabonyeza tena. Ndani kitu kikalia kama jino linalosaga, na muziki ukafika mwisho, ukaanza upya.

Nilivuka uwanja mbio hadi kwa Mkurugenzi. Alikuwa anaandika. Nikamweleza: kipaza sauti kiko Mwanza, deki imegoma, hewani kuna muziki wa msiba na hautoki. Nikamwomba ruhusa ya kuzima mtambo mpaka fundi arudi jioni.

Akaweka kalamu chini. "Waraka wangu wa mwezi uliopita uliuchapa wewe?"

"Ndiyo, bwana Mkurugenzi."

"Unasemaje?"

Nikausema. Kulikuwa na maneno kwamba redio isiyosikika inaweza kunyang'anywa kibali, na watu wa mji rafiki walikuwa wanatarajiwa kuja kukagua, kwa hiyo waraka ulikuwa na mstari mmoja tu wenye uzito: redio isinyamaze kwa sababu yoyote ile.

"Basi," akasema, na akaendelea kuandika.

Nikarudi. Nikakaa kwenye sanduku, nikasikiliza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuusikiliza muziki ule bila karatasi ya kifo mkononi. Mara ya tatu nilikuwa nimeukasirikia. Mara ya sita nikaanza kuusubiri. Kuna mahali, karibu na katikati, zeze kubwa linabaki peke yake na wengine wote wananyamaza, si kwa kuwa wamemaliza, bali kama watu waliosimama mlangoni wakimwachia mtu aseme. Kila ulipofika hapo niliacha kufanya nilichokuwa nafanya. Sikumwambia mtu jambo hilo, wala nisingejua niliseme vipi. Madirisha yalikuwa na magunia, mlango umefungwa. Habari za mjini hazikunifikia.

Saa sita mama lishe aliniletea wali na samaki kama kawaida yake, ila siku hiyo alishika sahani kwa mikono miwili na macho yake yalikuwa chini.

"Pole, dada," akasema.

Nikasema asante. Nilidhani ananipa pole ya kazi.

Baadaye akaja askari wa kituo cha jirani. Alivua kofia mlangoni.

"Ni nani?" akauliza.

"Ni mimi, afande."

"Namaanisha aliyekufa."

Nikamwambia hakuna aliyekufa, deki imegoma. Aliniangalia kwa huruma, namna mtu anavyomwangalia mtumishi aliyekatazwa kusema. "Sawa," akasema. "Hatujatangaziwa rasmi. Nimeelewa." Kisha akanieleza yaliyokuwa yakiendelea, kwa sauti ya chini, kana kwamba mimi ndiye niliyehitaji kuandaliwa. Kila mtu nchini alijua kwamba redio ikipiga muziki wa huzuni mfululizo bila maelezo, amefariki mkubwa, na maelezo yanasubiri ndugu wajulishwe. Saa nne watu walianza kuulizana ni mkubwa gani. Saa tano mtu alikumbuka kwamba Mwenyekiti wa halmashauri alikuwa anakohoa wiki iliyopita. Saa tano na nusu ikajulikana kwamba hayupo ofisini. Kufika saa sita maduka yalikuwa yamefunga mlango mmoja na kuacha mmoja, na turubai lilikuwa limeshatoka stoo ya kanisa.

Mwenyekiti alikuwa Lamadi, ziwani, kwenye ufunguzi wa choo cha soko la samaki. Hilo nililijua mimi, kwa kuwa barua ya mwaliko niliipokea masjala.

Nikakimbia tena kwa Mkurugenzi. Ofisi ilikuwa imefungwa. Mhudumu alikuwa amekaa kwenye ngazi, shavu mkononi.

"Bosi yuko wapi?"

"Kaenda msibani," akasema. "Yuko kwenye kamati."

Mpaka leo nikilifikiria hilo nashindwa kumlaumu. Asubuhi nilimwambia muziki wa msiba umekwama. Mchana akasikia kuna msiba. Mambo yale mawili yalifika kwake kwa njia mbili tofauti, moja kama taarifa ya kiofisi na moja kama habari ya mtaani, na hakuwa na jalada la kuyaweka pamoja.

Nikarudi studio. Nilisimama mbele ya plagi ya ukutani, mkono ukiwa umenyooshwa, waraka ukiwa kichwani neno kwa neno, maana niliuchapa nakala tano. Nikaushusha mkono. Nikaunyoosha tena. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mshahara wangu ulikuwa unasomesha wadogo zangu wawili, na katika maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kuvunja barua yenye kumbukumbu namba.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa baba. Alikuwa mweupe kwa vumbi kuanzia viatuni mpaka kwenye nyusi, kibano cha baiskeli bado kimebana suruali. Alisimama pale, akashika fremu ya mlango, akaniangalia. Sikuwahi kumwona baba akihema namna ile.

"Mwadila, baba," nikasema, kwa kuwa lilikuwa jambo pekee lililonijia, salamu ya mchana.

Alikaa kwenye sanduku, akafuta uso kwa kiganja.

"Toka saa tatu," akasema. "Muziki wa vifo. Nikasubiri jina. Jina halikutajwa. Nikasubiri useme saa. Saa haikutajwa. Nne, hukusema. Tano, hukusema. Anayetangaza vifo ni wewe. Sasa kama ni kifo, na asiyesema ni wewe." Akapangusa vumbi kwenye nyusi. "Nikajumlisha, ng'wanone."

Alisema neno hilo, mwanangu, kwa Kisukuma, kama alivyokuwa akiniita nikiwa na homa utotoni. Nikalia, nikiwa nimesimama, mgongo nimeugeuzia meza yenye vitufe. Yeye hakulia. Aliomba mama asiambiwe alikuja mbio kiasi gani, maana alimwambia anakwenda kutazama bei ya pamba.

Muziki ulikuwa umefika pale zeze linapobaki peke yake. Baba akainua kichwa.

"Kwa nini huuzimi?"

Nikamweleza waraka. Alisikiliza kwa makini, kama karani anavyomsikiliza karani mwenzake, akauliza umesainiwa na nani, una muhuri au hauna. Nikasema una muhuri. Akatikisa kichwa kwa heshima. Kisha akainuka, akaenda ukutani, akachomoa plagi.

"Haukuandikwa kwangu huo," akasema. "Mimi sina kazi."

Ikawa kimya. Yaliyofuata sikuyaona, nilisimuliwa na dereva wa halmashauri, mtu asiyeongeza chumvi kwa kuwa hakuwa mtu wa maneno. Nyumbani kwa Mwenyekiti kulikuwa na redio tatu zikilia kwa pamoja, na ziliponyamaza ghafla watu walielewa kwamba mwili umefika. Wanawake wakainuka. Wakati huohuo Land Rover ya halmashauri ikaingia uani ikitokea Lamadi. Vilio vikaanza. Wanaume sita walizunguka nyuma kufungua mlango wa nyuma, na Mwenyekiti akashuka kwa mlango wa mbele akiwa na kikapu cha sato.

Aliangalia turubai. Aliangalia mke wake akiwa kwenye mkeka katikati ya wanawake, akiwa amefungwa kanga kichwani, naye alikuwa hajaambiwa lolote na mtu yeyote, akilia kwa kuwa watu wote walikuwa wakilia.

"Msiba wa nani?" akauliza.

Mzee mmoja jirani yake, kwa adabu zote, akasema, "Wako, mheshimiwa."

Dereva anasema Mwenyekiti alifikiri kidogo, akamkabidhi mtu samaki, akaomba kiti. Akaketi chini ya turubai, mahali pa wazee. Akauliza kama chai ipo. Ilikuwepo. Akauliza ratiba ilikuwaje. Mkurugenzi, kama katibu wa kamati, akasimama na kumsomea: sala, wasifu, salamu za vyama.

"Salamu ilikuwa aseme nani?"

Ilikuwa diwani wa upinzani, kwa sababu ya ile sauti yake. Alikuwa ameandika nusu ukurasa wa daftari la shule na sasa alikuwa anajaribu kuurudisha mfukoni.

"Isome," Mwenyekiti akasema. "Umeshajisumbua."

Basi mwalimu yule akasimama, kama alivyozoea kusimama, akasoma. Alisema marehemu alikuwa kiongozi asiye na kinyongo. Alisema marehemu alijenga zahanati ambayo wengine, yeye akiwemo, waliipinga bila sababu ya msingi. Alisema pengo lake halitazibika katika halmashauri ile. Alipomaliza, Mwenyekiti akanyoosha mkono, akaiomba karatasi, akaikunja mara nne na kuiweka mfuko wa ndani wa koti. Kwa miaka yote iliyobaki ya ule muhula, kila diwani yule aliposimama kupinga jambo, Mwenyekiti aligusa kifua chake upande wa kushoto, taratibu, bila kusema kitu, na mwenzake akakaa.

Kikao cha dharura kiliitwa wiki iliyofuata. Nilikuwa nimejiandaa kujitetea kuhusu muziki. Hawakuniuliza kuhusu muziki. Kosa langu lilikuwa kwamba siku ile, kuanzia saa tisa hadi jioni, redio ilinyamaza. Niliwaeleza kwamba baba yangu ndiye aliyechomoa, na kwamba yeye si mtumishi. Wakashauriana, wakaona hilo linaongeza kosa la pili, la kumruhusu asiye mtumishi kushika chombo cha serikali. Barua ya onyo niliichapa mwenyewe, nakala tatu. Mkurugenzi aliisaini, akanionyesha mahali nilipokosea nukta, nikaichapa upya.

Kuhusu muziki walipitisha azimio kwamba kuanzia hapo zitapigwa za haraka peke yake. Azimio lilitekelezwa. Kwa karibu mwaka mzima nilisoma vifo vya watu wa Ngulyati na Itilima, watoto wajulishwe, wajukuu wajulishwe, juu ya tarumbeta zilizokwenda kama farasi wanaokimbia. Familia hazikulalamika. Bibi mmoja aliniletea karatasi ya mumewe, akaomba nimwekee ile yenye ngoma nyingi, maana marehemu alikuwa mtu wa fujo.

Baba hakulizungumzia tena jambo lile. Ila nilipokwenda Migato nilikuta amefunga redio kwenye baiskeli, mbele kwenye usukani, kwa kamba za mpira, ili asiache kusikia akiwa njiani kwenda shambani. Mama akaniambia kila saa kamili anasimama, anashusha mguu mmoja chini, anasubiri nitaje saa, kisha anaendelea.

Kisha ubinafsishaji ukatufikia na sisi. Redio ikakodishwa kwa mfanyabiashara wa mjini aliyekuwa na duka la vipuri, naye akaleta watangazaji kutoka Mwanza waliozungumza kwa mfululizo, mmoja akipumua mwingine akisema. Maneno yakarudi yote, pamoja na yale ambayo hatukuwahi kuwa nayo. Fundi akarudi kwenye kibanda chake karibu na msikiti, akisema amechoka na hospitali kubwa. Masanduku ya CD yaliuzwa kwenye mnada wa vifaa chakavu, fungu moja na viti vilivyovunjika miguu na toroli. Aliyenunua alitaka toroli. Mvua zilizofuata niliziona CD zetu kwenye shamba la mtama nje ya mji, zimening'inizwa kwa uzi, zikizungukazunguka na kuwaka juani kufukuza ndege. Nilisimama ukingoni mwa shamba nikijaribu kusoma majina, lakini upepo ulikuwa mkali.

Mimi nikarudi masjala kikamilifu. Miaka ikaenda, nikapandishwa cheo, mara mbili. Simiyu ilipofanywa mkoa, ofisi mpya zilihitaji watu, akaja ofisa utumishi mwenye kompyuta ndogo ya kupakata, akatuhoji mmoja mmoja wenye umri mkubwa kama tunaweza kuhamishiwa vitengo vingine. Alikuwa mtu mwenye heshima. Aliniita mama.

"Kuna nafasi kitengo cha habari na mawasiliano," akasema. "Umewahi kufanya kazi inayofanana na hiyo?"

"Niliwahi kuwa mtangazaji wa redio."

Akachangamka, akaweka vidole kwenye vitufe. "Vizuri sana. Ulikuwa unaendesha kipindi gani, mama? Siasa? Jamii? Mahojiano?"

Nikafikiri nimjibu vipi kwa ukweli.

"Nilikuwa nataja saa," nikasema.

Alisubiri kidogo, labda nitaendelea. Kisha akaandika neno moja, "Hapana", nikaliona kwa sababu kompyuta ilikuwa imeinama upande wangu, halafu akaniuliza kuhusu kisukari, maana fomu ilikuwa na sehemu ya afya.